Ukimtumia muuguzi meseji, anza na "isipokuwa"

Nilipopewa kazi ya kuratibu mafunzo kazini kwa zahanati za huku Makete, kilichonisumbua hakikuwa walimu. Ni kufuli. Zahanati ya kijijini ina watumishi wawili, siku nyingine mmoja tu. Ukimwita semina Njombe siku tatu, mama mwenye uchungu anakuta mlango umefungwa. Ndiyo maana nikahamia kwenye meseji, zile za kawaida zinazoingia hata kwenye kitochi. Kundi la WhatsApp tulikuwa nalo, ila mwongozo wa malaria ukiutuma saa mbili asubuhi, kufika saa nne umeshafukiwa na michango ya harusi na maua ya "asubuhi njema".

Kilichonitia moyo ni utafiti wa Kenya uliochapishwa mwaka 2011. Vituo 107 vya vijijini viligawanywa makundi mawili, na watoa huduma 119 wa kundi moja walitumiwa meseji za kutibu malaria ya watoto kwa miezi 6. Kiwango cha watoto waliotibiwa sawasawa kwa dawa mseto kilipanda kwa pointi 24 hivi za asilimia kulinganisha na kundi lisilotumiwa, na miezi 6 baada ya meseji kukoma kilikuwa bado hakijashuka.

Nikaanza kwa mbwembwe. Moja ya meseji zangu za mwanzo ilisema: "Mtoto anayeharisha: ORS na zinki 20mg kwa siku, siku 10-14." Fupi, bei rahisi, nikajipongeza.

Wiki hiyohiyo muuguzi mmoja akanipigia. Kwao mtandao hauko zahanati, hadi upande juu ya shamba la viazi, na nilisikia anavyohema na upepo unavyopiga.

"Shikamoo mama. Kuna mtoto wa miezi minne, kila akipewa zinki anatapika. Niendelee?"

Nikaishiwa nguvu. Chini ya miezi 6 ni 10mg, yaani nusu kidonge. Mwongozo alikuwa nao ukutani, lakini meseji imetoka kwa mkubwa wake, angeibishia vipi?

"Marahaba mwanangu. Mpe nusu. Nimekosea mimi."

Ukibana maneno yaenee kwenye herufi 160, linalokatwa kwanza ni "isipokuwa". Na huko ndiko mgonjwa anakoumizwa. Siku hizi naanzia hapo: "Chini ya miezi 6: zinki 10mg, nusu kidonge. Miezi 6 hadi miaka 5: 20mg. Wote siku 10-14, pamoja na ORS." Kabla ya kutuma nampa mwenzangu asome na kumuuliza swali moja: hii haimhusu mtoto yupi? Akisita, naiandika upya.

Jambo dogo la fedha: ukiandikia kwenye kompyuta, ile alama ya ng' ikijipinda, au ukiweka kikatuni cha tabasamu, nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70, na meseji moja unalipia mbili au tatu. Mimi niligundua salio likiwa limekwisha.

Ijumaa huwa natuma swali badala ya somo: "Mtoto wa miezi 5 anaharisha. Zinki kiasi gani?" Mwanzoni kimya. Nilidhani ni uvivu, kumbe hawana salio la kujibu. Nikaongeza maneno mawili, "nibipu, nitapiga", na hapo ndipo mafunzo yakaanza hasa, kwa sababu kwenye simu ya dakika mbili mtu hukuuliza na yale ambayo semina angeona aibu kuyauliza. Aliyekosa simtaji kwa wenzake. Jina la mgonjwa haliandikwi kabisa.

Tuma saa nane mchana, foleni ikishapungua. Kama mtandao wenu ni wa kupanda kilima kama huku kwetu, usitume kila siku: mtu akipanda Jumamosi, sita zinamwingilia kwa mpigo, anasoma ya mwisho tu.

Mwezi uliopita nilipita kwa yule muuguzi. Meseji zote amezinakili kwenye kaunta buku, na ile ya zinki imo. Ameipiga mstari kwa biki nyekundu, juu yake ameandika "NUSU".