Nina shahada ya nyumbani: lazima nirudi chuoni ndipo niuze hisa Marekani?

Swali: Salaam kaka. Nilifanya kazi benki Mombasa miaka sita, upande wa mikopo, na nina shahada ya biashara. Sasa niko Dallas, kibali cha kazi ninacho. Nataka kuingia kampuni ya udalali wa hisa, lakini wenzangu wanasema nirudi chuoni kwanza. Ni kweli?

Jibu: Dada yangu, hiyo karo usiilipe bado. FINRA, chombo kinachowasimamia madalali wa hisa Marekani, hakidai shahada ili upewe leseni. Mwajiri anaweza kuitaka, na yako ipo. Kinachodaiwa ni mitihani.

Anza na SIE, mtihani wa msingi wa FINRA ulioanza Oktoba 2018. Huu unaufanya hata kabla hujapata mwajiri, mradi umetimiza miaka 18, na matokeo yake hudumu miaka 4. Maswali yanayohesabiwa ni 75, muda dakika 105, alama ya kufaulu 70. Peke yake haukuruhusu kuuza chochote, ila unapoomba kazi unakuwa na kitu mkononi. Series 7, mtihani unaofuata, wa kuuza hisa zenyewe, wenye maswali 125, hufanyi mpaka kampuni ikudhamini. Ukianguka, unasubiri siku 30. Ukianguka mara ya tatu, siku 180.

Watu wa mikopo najua wanapojikwaa. Katika SIE, maswali 33 ni ya bidhaa za uwekezaji na hatari zake. Chukua hatifungani, yaani hati ya deni la serikali au kampuni, ya dola 1,000 yenye riba ya asilimia 5, ambayo sokoni imeshuka hadi dola 950. Anayeinunua leo anapata asilimia ngapi kwa mwaka? Mtu wa benki hujibu haraka: 5. Lakini riba ni dola 50 zilezile, na yeye ametoa 950. Gawanya: ni karibu 5.26. Fanya hesabu za namna hii kila siku, mpaka uone wazi kwamba bei ikishuka, pato linapanda.

Sasa hili nakuomba ulishike sana. Kampuni itakusajili kwa fomu U4 na utachukuliwa alama za vidole. Fomu inauliza juu ya kufilisika katika miaka 10 iliyopita, madeni uliyoamriwa na mahakama kulipa na bado hujayalipa, na makosa makubwa ya jinai, hata kama hukumu ilitolewa nje ya Marekani. Deni peke yake si lazima likuzuie. Kulificha makusudi ndiko kunakoweza kukufungia kazi hii kabisa, na inaniuma kuona mtu aliyefaulu vizuri akiponzwa na aibu ya deni dogo. Andika kila kitu, na usiposhika swali, muulize afisa wa kampuni kabla ya kutia sahihi.

Kabla ya kununua kitabu chochote, pakua kwenye tovuti ya FINRA muhtasari wa mada za SIE. Ni bure.