Breki za Beetle zinakamata zenyewe zikipata moto

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1970, ya marehemu baba. Nimeifufua kwa miaka mitatu: bodi imepigwa rangi upya, na kwenye breki nimefunga wili silinda, breki shuu, paipu za mpira na masta silinda, vyote vipya. Asubuhi ikitoka Moshi mjini iko safi. Nikikaribia Himo breki zinakamata zenyewe, rimu zote nne hazishikiki kwa moto, gari inakuwa nzito kama inavuta gogo. Nikiiacha ipoe inapona. Mafundi wawili wanasema masta silinda niliyonunua ni feki. Halafu taa za breki huwaka hata sijakanyaga. Swichi nimeshabadilisha mara mbili. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba. Hilo la taa, ulilolisema mwisho kama la kusindikizia, ndilo la kuanza nalo. Kwenye Beetle swichi ya taa za breki haiko kwenye pedali. Imefungwa kwenye masta silinda yenyewe, ile pampu kuu inayosukuma oili ya breki, na inawashwa na presha ya oili hiyo. Taa zikiwaka na mguu wako uko pembeni, maana yake ndani ya paipu kuna presha iliyogoma kurudi. Swichi zilikuwa zinasema kweli, wewe ukazitupa.

Sasa angalia: magurudumu yote manne yanapata moto kwa pamoja. Wili silinda, ile ndogo ya kila gurudumu inayosukuma shuu, ikikwama, au paipu ya mpira ikivimba kwa ndani, utaungua kidole kwenye gurudumu moja tu. Yakiwa manne, tafuta yanapokutana, yaani masta silinda na pedali yake. Kwa hiyo mafundi wako hawako mbali. Ila kabla hujanunua masta silinda nyingine, nijibu hili: wakati wa kupiga rangi, pedali zilifunguliwa?

Nina hakika zilifunguliwa. Chini ya pedali kuna kibati kidogo kilichokazwa sakafuni, ndicho kinachoamua pedali irudi hadi wapi. Wengi wakishamaliza rangi wanakirudisha popote boliti inapokubali. Kikikaa vibaya, pedali hairudi mwisho, pushi rodi, kile kifimbo cha pedali kinachosukuma pistoni ya masta silinda, inabaki imeiegemea pistoni. Na ndani ya masta silinda kuna kitundu chembamba mno, ambacho oili hupitia kurudi kwenye tenki lake kule buti ya mbele. Pistoni isiporudi hadi mwisho, mpira wake unakiziba. Oili ikipata joto inatanuka, haina pa kwenda, inasukuma breki shuu; shuu zinasugua dramu, joto linazidi, oili inatanuka tena. Ndiyo maana asubuhi huoni kitu.

Pima hivi. Pedali ibonyeze kwa kidole cha mkono, siyo kwa mguu. Kabla haijaanza kuwa ngumu inatakiwa icheze bure kama milimita 5 hadi 7, ambayo kule kwenye pistoni ni nafasi ya milimita 1 hivi. Ikiwa haichezi kabisa, mwizi umemshika. Legeza boliti za kibati, kisogeze ili pedali irudi zaidi, kaza, pima tena. Usiguse urefu wa pushi rodi. Ilipimwa kiwandani, na ukianza kuizungusha utapoteza hesabu zote mbili. Tazama pia springi ya kurudishia pedali, na kapeti jipya lisije likawa limeibana.

Kama uchezaji upo na bado zinakamata, nina wasiwasi na ulichomimina. Nimewahi kuletewa gari ambayo kijana wa gereji aliongeza oili ya stearingi kwenye breki, eti rangi zinafanana. Mipira yote ilivimba ikawa kama maharage yaliyolowekwa. Chovya kijiti kwenye tenki, dondosha tone moja kwenye glasi ya maji. Oili halisi ya breki inayeyuka na kupotea. Ukiona duara linaelea juu, umekwisha: fungua kila chenye mpira, osha paipu kwa spiriti, weka mipira mipya. Inauma, najua, lakini hakuna njia ya mkato hapo.

Rekebisho lolote utakalofanya, badilisha oili yote, maana hiyo imeshapikwa. Chukua oili ya breki ya daraja la DOT 4 kwenye chupa ambayo haijafunguliwa. Ikiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 230, DOT 3 ni 205, na zote hushuka sana zikishanyonya unyevu. Kwa mtu atakayeshuka Marangu na gari hiyo, tofauti hiyo si ya kupuuza. Weka kitambaa chenye maji karibu unapomimina, maana tone moja likikaa kwenye rangi yako mpya linaibambua. Fungua na dramu uangalie shuu. Zikiwa zinang'aa kama kioo, zipige msasa, na zilizopasuka zitupe.

Ukimaliza, nenda tena Himo. Ukifika, usiguse breki shuu wala masta silinda. Achia pedali, mwambie mtu asimame nyuma ya gari akuambie taa zimezima au la.