Nikibadili namna ya kusafisha picha za ubongo modeli inashuka, niamini ipi?

SWALI: Shikamoo kaka. Nipo mwaka wa mwisho hapo Mlimani, projekti yangu ni modeli ya kutambua usonji kwa picha za MRI za ubongo, natumia ile data ya wazi ya ABIDE, yenye picha za wenye usonji na wasio nao. Nikiandaa picha kwa njia moja modeli inapatia asilimia tisini na kitu, nikibadili paiplaini, yani zile hatua za kusafisha picha, inashuka mpaka sitini na kitu. Ipi ndo ya kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo tisini usiitangaze kwanza. Ulichagua miunganiko ya kutumia, yani jinsi kila maeneo mawili ya ubongo yanavyokwenda pamoja, kabla au baada ya kugawa data ya kufundishia na ya kupimia? Maana ukitumia atlasi ya AAL, ile ramani inayogawa ubongo, yenye maeneo 116 kila mtu anakuwa na miunganiko 6,670, na ABIDE ya kwanza nzima ina watu 1,112 tu, sasa ukichagua ile "bora" kwa kuangalia watu wote halafu ndo unagawa, modeli imeshaona mtihani, itaachaje kufaulu? Mi naiamini zaidi hiyo sitini.

Halafu kuna kichwa kutikisika, na hapa ndo penye kazi. Mtu akisogea hata chini ya milimita moja, maeneo ya ubongo yaliyo karibu yanaonekana yameungana zaidi na ya mbali yanaonekana yamelegea, hili limeonyeshwa wazi tangu 2012, na wenye usonji kwa wastani husogea zaidi kwenye mashine. Yani modeli yako inaweza kuwa inakamata waliotikisika tu! Jaribu hivi: chukua wastani wa msogeo wa kila mtu, ifundishe modeli kwa huo peke yake, uone inafika wapi. Ila usikimbilie kuwatupa wote waliosogea, utabaki na watulivu tu na watoto wadogo ndo watapungua zaidi.

Vituo vilivyopiga hizo picha navyo ni 17, mashine tofauti, kwa hiyo acha kituo kimoja nje upimie hicho, kisha kingine, hivyo hivyo mpaka viishe.

Kuhusu paiplaini, ABIDE imeshaandaliwa kwa nne, CCS, C-PAC, DPARSF na NIAK, na kila moja ina toleo lililoondolewa mawimbi ya pamoja ya ubongo mzima na toleo ambalo hayajaondolewa. Pitisha zote kwa mgawanyo uleule, ripoti zote, hata supavaiza akinuna. Kuchagua iliyokupa namba kubwa ni kupika majibu.

Ukikwama nitumie ile sehemu ya skripti inayogawa data tu, folda nzima hapana, bando langu la mawazo.