Mwanangu, kuhusu ile saini

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma juzi, nikaweka simu chini, nikaenda kupalilia kwanza. Unasema mwenzio wa zamu kajaza patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu na mapigo ya mtoto, asubuhi, mama ameshajifungua na kitanda kimeshatandikwa upya, na sasa anakuomba uweke saini kwamba mlipima wote wawili. Unauliza ukisaini, Baraza la Uuguzi na Ukunga linaweza kukunyang'anya leseni?

Linaweza. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 wewe umeisoma chuoni, mimi ilinikuta kazini tayari nina mvi, na Baraza lina meno: linaonya, linasimamisha, linafuta jina kwenye rejesta. Lakini ukianza kwa kuhesabu adhabu, mwisho utatafuta kosa lisilogundulika. Nalo lipo. Mimi nililipata.

Ilikuwa 1998, zile mvua za El Niño, baba yenu alipokwama Mombo wiki nzima. Leba tulikuwa wakunga wawili kwa usiku. Mwenzangu akaondoka na gari kusindikiza mgonjwa wa rufaa, nikabaki na mhudumu mmoja na kina mama watano. Kitanda cha tatu alikuwa binti, mimba ya kwanza. Nilisikiliza mapigo ya moyo ya mtoto wake saa nne usiku, yakagonga vizuri. Kisha kitanda cha kwanza kondo likagoma kutoka, damu ikaja kama bomba. Niliporudi kitanda cha tatu ilikuwa saa saba kasoro robo. Nikaweka kile kipembe cha kusikilizia tumboni, nikakihamisha, nikakihamisha tena. Nikawa nasikia moyo wangu mwenyewe.

Mapigo yanasikilizwa kila nusu saa, unajua. Kwenye karatasi palikuwa na nafasi tano tupu. Alfajiri nilikaa chini ya taa nikazijaza: 140, 136, 144, 140, 138. Nilizipandisha na kuzishusha kidogo, maana mapigo ya kweli hayanyooki. Mkono haukutetemeka, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Kwenye kikao daktari aliinua karatasi yangu akawaonyesha wengine: hivi ndivyo patografu inavyojazwa. Kifo cha mtoto kikaandikwa kwamba kilitokea ghafla, bila dalili. Sisi tulikuwa tumeomba mkunga wa tatu wa usiku tangu mwaka uliotangulia. Jibu likaja kwamba kumbukumbu zinaonyesha tunamudu. Na kwenye karatasi nilimudu kweli! Nukta zangu tano ndizo zilizotunyima mkunga.

Ndiyo maana nawaambia kila siku, mpaka dada yako ananicheka: andika ulichosikia, saa uliyosikia. Usichosikia kiache wazi. Ile nafasi tupu ingesema kwamba hapa hapakuwa na mtu.

Najua utaniambia nini. Kama ningeziacha wazi ningeitwa mimi, si aliyepanga zamu. Ningeandikiwa barua, pengine nisingepanda daraja ule mwaka, na ada zenu ungelipa wewe? Nimebishana na hilo miaka yote hii, kuna siku linanishinda. Halafu namkumbuka yule binti akiniuliza mbona mtoto halii.

Rekodi iliyochelewa haina dhambi, mradi iseme imechelewa. Mwenzio aandike tarehe na saa ya leo, aandike kwamba inaandikwa baadaye, kilichofanyika, kisichofanyika na kwa nini, asaini yeye. Alichokosea akipige mstari mmoja, kisomeke, aweke saini yake kando. Asifute, asipake ile dawa nyeupe. Unakumbuka daftari la madeni la baba yenu? Mstari mmoja, na deni la zamani linaonekana chini yake. Watu walimdhihaki, lakini hakuna aliyewahi kugombana naye juu ya hesabu. Wewe saini ulichopima wewe, basi.

Kama umpeleke mwenzio kwa inchaji, mkuu wa wodi, au la, hilo hukuniuliza, na sikujibu. Wewe ndiye uliyekuwa wodini. Ila ungekuwa unaniuliza, ningesema mkalishe kwanza, umwambie wewe husaini, na umuulize usiku ule alikuwa na wagonjwa wangapi. Hiyo idadi mwende nayo pamoja. Lakini mimi sijasema kitu.

Yule binti sasa ni mama mtu mzima, anauza ndizi sokoni. Ananiita sista. Kila nikinunua fungu ananiongezea jingine, anasema usiku ule nilimhangaikia sana. Jumamosi ameniongezea tena. Ziko jikoni, ukija mapema utazikuta.

Mama yako