Nyufa zilizofichwa kwa rangi

Pole sana, dada. Umesema masika yalipoanza, nyufa za nyumba uliyonunua, ambazo muuzaji alizikandika simenti na kuzipaka rangi, zimefunguka, nawe unauliza kama bado una haki ya kumdai. Unayo. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inahesabu kuficha ukweli kwa makusudi kuwa ni udanganyifu, na aliyedanganywa anaweza kuuvunja mkataba. Muuzaji kukaa kimya tu ni jambo jingine. Kasoro ambayo ungeiona ukikagua kwa makini ni ngumu kuidai. Ndiyo maana ushahidi kwamba nyufa zilizibwa una uzito mkubwa. Tafadhali usikarabati kwanza! Piga picha, mwite mhandisi aliyesajiliwa aandike ripoti, mtafute fundi aliyepaka rangi, kisha wakili amwandikie muuzaji barua ya madai.