Kabla hujawawekea watoto filamu ya Hachi

Filamu ya Hachi: A Dog's Tale, ya mwaka 2009, aliyoigiza Richard Gere, hurudiwa kwetu South C, Nairobi, karibu kila shule zikifungwa. Na kila mara lazima mtu mzima mmoja akumbuke ghafla kwamba ana sufuria jikoni. Kama unapanga kuitazama na watoto, nina machache ya kukuambia.

Waambie mapema kwamba mwenye mbwa, profesa, atakufa. Usiogope kuwaharibia uhondo. Kifo hakingoji mwisho. Kinakuja katikati, na sehemu yote inayobaki ni mbwa kumsubiri stesheni. Asiyejua atakuuliza mpaka mwisho profesa anarudi lini. Anayejua ataona mambo madogo, kama ile asubuhi ya mwisho, mbwa ambaye siku zote alikataa kuokota mpira anapouleta mwenyewe mdomoni.

Zito zaidi ni hili. Nyumba nyingi zina mtoto aliyefiwa akaambiwa mtu wake "kasafiri". Kwetu alikuwa mpwa wangu. Babu yake tulimzika Kariokor, naye akaambiwa Babu yuko safarini, kwa nia njema kabisa. Basi mkuu wa stesheni alipomwambia Hachi asisubiri tena, mzee harudi, mtoto akamgeukia mamake: "Na Babu?"

Dada yangu alizima televisheni, akamweleza palepale: Babu amekufa, tumemzika, hatarudi, sisi tunamwombea dua. Mtoto alilia sana. Baadaye akataka filamu iendelee, na chapati. Ushauri wangu ni kwamba mazungumzo hayo yafanyike siku kadhaa kabla, wala usimwachie mkuu wa stesheni kazi yako. Tena sema "amekufa". Ukisema "amelala", utakuwa na mtoto anayeogopa kitanda.

Itazameni mchana baada ya chakula, si usiku. Inachukua kama saa moja na nusu, na mtoto anahitaji muda wa kucheza nje kabla ya kulala. Kama kuna bibi wa kutafsiriwa Kiingereza, mpe kazi hiyo mwenye moyo mgumu. Hii si filamu ya DJ Afro, yule anayesimulia filamu za kigeni kwa vichekesho. Mtafsiri wetu sauti ilikatika kabla ya theluji ya kwanza.

Wale wakubwa, wa sekondari, watakwambia hizo ni hadithi za Hollywood. Wape kisa chenyewe. Hachiko alikuwa mbwa wa Kijapani aina ya Akita, aliyezaliwa 1923. Bwana wake, Hidesaburo Ueno, profesa wa kilimo mjini Tokyo, alifariki ghafla Mei 1925, naye mbwa akaendelea kwenda stesheni ya Shibuya hadi alipokufa Machi 1935. Sanamu yake ilizinduliwa 1934 yeye mwenyewe akiwapo. Iliyeyushwa wakati wa vita, ikatengenezwa nyingine 1948. Wapo wanaosema alifuata mishikaki ya wauzaji wa pale, na kweli vijiti vyake vilikutwa tumboni mwake. Mimi sioni ubishi. Hata anayemngoja mtu hula.

Mama yangu, ambaye hataki mbwa hata apite karibu na msala wake wa kuswalia, alitazama hadi mwisho kisha akawasimulia watoto habari za Watu wa Pangoni katika Sura ya Al-Kahf, na mbwa wao aliyenyoosha miguu yake kizingitini muda wote waliolala. Sikutegemea. Kama nyumbani kwenu pia mbwa haingii ndani, kisa hicho kitawafaa kuliko mahubiri ya unajisi.

Kisha jiandae, maana watataka mbwa. Ghorofani kwetu mwenye nyumba hakubali, na jibu likaishia hapo. Wenye uwanja waende KSPCA, shirika la kutunza wanyama, kule Karen, wapo wanaotafutiwa makwao. Lakini wakataze kabisa kukumbatia mbwa wa mtaani. Akimuuma mtoto, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama kidonda ni kidogo. Wetu tuliwaruhusu kuweka bakuli la maji nje ya geti. Askari wa geti analalamika kuhusu mbu, na ana haki, kwa hiyo anayeliweka ndiye anayelimwaga jioni.