Umepewa Nafasi ya Yesu? Anza kwa Kumtazama Petro

Kila igizo la Pasaka linapokaribia, kijana aliyepangiwa Yesu huanza kufuga ndevu na kutafuta kanzu. Sawa, fuga. Lakini kabla ya mazoezi ya kwanza, tafuta mfululizo wa Jesus of Nazareth wa mwaka 1977, ulioongozwa na Franco Zeffirelli, uende moja kwa moja kwenye karamu ya Mathayo mtoza ushuru.

Robert Powell, aliyecheza Yesu, anasimulia mfano wa mwana mpotevu kwa sauti ya kawaida tu. Wewe usimtazame yeye. Mtazame Petro, yaani James Farentino, aliyesimama mlangoni na chuki yake yote kwa Mathayo. Hasemi neno. Hadithi inapofika kwa yule kaka mkubwa aliyegoma kuingia karamuni, uso wake unaanza kubadilika: kumbe anasemwa yeye, tena mbele za watu! Mamlaka ya Yesu tunayaona kwenye uso wa Petro. Mgeni yeyote kikundini kwetu mimi humpa sehemu hiyo airudie akiwa amezima sauti, kisha anieleze Petro alilainika wapi hasa.

Powell anasifika pia kwa kutopepesa macho. Tafadhali usimwige hapo. Wengi wakijaribu huonekana kama wanapigwa picha ya pasipoti.

Kuhusu mwili, kuna filamu ya mwongozaji Mwitalia Pasolini ya mwaka 1964 kutoka Injili ya Mathayo. Enrique Irazoqui, aliyecheza Yesu humo, alikuwa mwanafunzi kutoka Hispania, si mwigizaji, na hata sauti tunayoisikia ni ya Enrico Maria Salerno. Kilichobaki chake ni uso na mwendo: anatembea haraka, anawafundisha wanafunzi wake huku akigeuka nyuma, nao wanahema kumfuata. Sisi tuliomjua Brian Deacon kupitia ile Filamu ya Yesu ya mwaka 1979 iliyotiwa sauti za Kiswahili tunalielewa hili vizuri. Maneno yalikuwa ya mtu mwingine, ila tabasamu lilikuwa lake.

Dada zangu mnaocheza Mariamu, acheni kulia tangu mwanzo hadi mwisho. Katika The Passion of the Christ ya mwaka 2004, Maia Morgenstern analala sakafuni na kuweka sikio kwenye jiwe, na chini yake mwanawe amefungwa minyororo. Hapigi yowe. Anasikiliza tu, na ukumbi mzima unanyamaza naye.

Na wale wanaonung'unika kwamba wamepewa nafasi ndogo: akida katika kazi ile ya Zeffirelli ni Ernest Borgnine, mtu aliyekwisha kushinda Oscar kama mwigizaji bora. Aliikubali nafasi hiyo ya dakika chache. Wewe umepangiwa askari wa pili kushoto. Njoo mazoezini kwa wakati.